Fomu Tupu za Benki

Vijana saba walimaliza kozi ya uchomeleaji kwenye chuo cha ufundi stadi, wakarudi kijijini kwao, kijiji kikubwa kilichokaa kando ya barabara kuu mkoani Morogoro. Kwa miezi michache kila mmoja alifanya kibarua kwenye karakana ya mtu. Walikuwa mafundi kweli. Geti walilochomelea, ukipitisha kidole kwenye maungio husikii kijishimo, wala hawakuwa na haja ya kuyaficha kwa rangi nzito ili mteja asiyaone. Binti mmoja kati yao ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, hasa kwenye maua ya grili. Walipoamua kuungana ili wakope mtaji, hakuna aliyekuwa na wasiwasi juu ya kazi, na kazi waliipata, tena ya kutosha.

Kisa hiki ni cha kutunga, hakuna kikundi fulani ninachokinyooshea kidole. Sheria iliyowapa mkopo, hata hivyo, ipo. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kijana asiye na nyumba wala shamba la kuweka rehani, sioni sheria nyingine iliyomfikiria kiasi hicho. Ila anayekopeshwa ni kikundi. Lazima kiwe na katiba, viongozi na akaunti ya benki.

Katiba waliipata steshenari. Mwenye duka alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta. Akafuta jina la kikundi cha watu wengine, akaandika la kwao, akachapa nakala tatu, wakasaini wakiwa wamesimama pale pale kaunta huku bodaboda ikiwasubiri nje. Hakuna aliyeisoma. Kifungu kinachosema wanachama wakutane kila mwezi na mweka hazina asome taarifa ya fedha kilikuwemo, ukurasa wa tatu. Mwenyekiti walimchagua kwa sababu alikuwa na pikipiki, na alijua kuzungumza na watu wa ofisini.

Zikaingia shilingi milioni 12. Wakanunua mashine mbili za kuchomelea, grenda, drili na vyuma vya kuanzia. Benki ilitaka sahihi tatu kila pesa inapotolewa: ya mwenyekiti, ya katibu na ya mweka hazina. Mara ya kwanza walikwenda wote mjini na kazi ikalala siku nzima. Waliporudi, mwenyekiti akasema kwa upole kabisa kwamba ni hasara kufunga karakana kwa ajili ya sahihi, basi wenzake wasaini fomu kadhaa ziwe zinakaa kwake. Wakasaini fomu kumi, zote tupu: hazina tarehe, hazina kiasi.

Hapa nataka tusiende haraka. Tumezoea kusimulia habari za vikundi vilivyokufa kana kwamba tangu mwanzo aliingia mwizi. Kijana huyu hakuanza kwa wizi. Fomu ya kwanza ilinunua vyuma, na ya pili pia. Ya tatu ilitoka mama yake alipolazwa; akachukua laki tatu na nia ya kurudisha anayo. Lakini kwa kuwa hapakuwa na kikao, hapakuwa na siku ya yeye kueleza wala ya wenzake kumpangia namna ya kulipa. Laki tatu zikakaa kimya. Ya nne ikaja kirahisi zaidi.

Binti yule ndiye aliyeuliza. Jioni moja, wakikusanya vifaa, akasema, "Mwenyekiti, tusomee basi daftari tujue tumefika wapi." Mwenyekiti akamtazama. "Dada, ina maana huniamini?" Wengine wakadakia: mwache kaka, ndiye anayetuhangaikia. Binti akaomba radhi, akaendelea kuviringa nyaya. Swali la hesabu lilikwisha kugeuzwa kuwa tusi juu ya tabia ya mtu, na kijana ambaye hajafundishwa kutenganisha mambo hayo mawili atanyamaza kila mara.

Nani angewafundisha? Chuoni walizoezwa kutowasha mashine kabla ya kukagua nyaya, na zoezi hilo liliwaingia mwilini. Hakuna kipindi walichozoezwa kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kulinganisha risiti na taarifa ya benki. Nawasihi wanaopanga mafunzo ya vijana: kipindi hicho kisiwe cha nyongeza siku ya mahafali. Vijana wasomewe hesabu ya kweli, waulize, waulizwe, mpaka aibu iwatoke.

Darasa jingine lilikuwa mlangoni kwao, tena la bure. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, taarifa ya mapato na matumizi ikasomwa mbele ya watu. Vijana wengi wanawaachia wazee. Wangekaa pale chini ya mwembe wangemwona bibi wa miaka 70 akisimama kumwuliza mwenyekiti wa kijiji fedha za mchanga zimekwenda wapi, naye akajibu, na kesho yake wakasalimiana kisimani kama kawaida. Aliyewahi kuona hilo hashtuki akiambiwa "huniamini?" Ana jibu: nakuamini, na daftari nalitaka.

Marejesho yalikwama mwezi wa saba. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata alipokuja, mwenyekiti hakuwepo, na kwenye akaunti zilibaki shilingi elfu kumi na kidogo. Mashine moja ikauzwa. Mikopo hii huzunguka: kinachorejeshwa na kikundi kimoja hukopeshwa kingine, hivyo walichoshindwa kulipa kilikuwa mtaji wa vijana wa kijiji cha jirani. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa vingi, na vingine vilikuwa hewa kabisa, kama Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alivyoonyesha kwenye ripoti zake. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Waliohitimu ufundi mwaka ule, wasiodaiwa hata senti, wakakuta mlango umefungwa.

Ulipofunguliwa tena 2024, binti yule alikwenda kuomba pamoja na wenzake wapya. Ofisa akapitia orodha ya wadaiwa na kulikuta jina lake. Deni lilikuwa la kikundi, na yeye alikuwa mmoja wa saba waliosaini.