Zamu ya Kujibu

Huko Anaheim, California, familia moja inapanda mashua ya kutembelea mto wa bandia. Nahodha anatania njia nzima, watoto wanacheka, viboko wa mashine wanaibuka majini. Mchezo huo, Jungle Cruise, umekuwapo katika bustani ya burudani ya Disneyland tangu ilipofunguliwa mwaka 1955. Waliouunda walivutiwa na The African Queen, filamu ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa Uganda na Kongo, na mto wao mmoja ulitakiwa uwe Nile, Kongo na Amazon kwa pamoja.

Kwa miaka mingi ukingoni palikuwa na sanamu za wenyeji. Wengine walicheza ngoma, wengine waliwainulia abiria mikuki, na mmoja, Trader Sam, aliuza vichwa vya watu vilivyokaushwa. Januari 2021 Disney ikatangaza kwamba picha za namna hiyo zingeondolewa. Ubishi ukazuka. Wapo walioshukuru, na wapo waliolalamika kwamba utoto wao unafutwa, na kwamba ule ulikuwa utani tu.

Hao wanaolalamika nawahurumia. Mtu aliyepakatwa na marehemu baba yake mashuani mle anakumbuka mapenzi ya baba, wala si dharau kwa mtu yeyote. Tukimwita mbaya kwa sababu hiyo, si tutakuwa tumemchonga naye sanamu?

Ila tukae kidogo pia na mtoto wa Kikongo aliye katika mashua hiyohiyo miaka ile. Kalipiwa tiketi kama wenzake. Mto wenye jina la kwao unapinda kona, na mtu anayefanana na babu yake anatokea na mkuki. Wote wanacheka. Yeye atazame wapi?

Sisi nasi tunavyo vichekesho vyetu. Kabila hili bahili, lile washamba, lile kazi yao kulinda geti. Sisemi utani wote ni dhambi. Tanzania watani wa jadi huchokozana hata msibani, na undugu haufi, kwa sababu leo unanitania wewe na kesho nakutania mimi. Sanamu ya ukingoni haipati zamu ya kujibu. Yule kijana wa getini anayeigizwa lafudhi yake huku akihofia kibarua chake, je, anaipata?

Namkumbuka Nathanaeli wa kwenye Biblia. Alipoambiwa na Filipo habari za Yesu, aliuliza kama Nazareti inaweza kutoa kitu chema. Naye mwenyewe alikuwa mtu wa Kana, Galilaya hukohuko! Filipo hakumgombeza wala hakukubaliana naye. Alimwalika aje ajionee. Na Yesu, ambaye mji wake ndio uliodharauliwa, akampokea kwa kumsifu kuwa ni mtu asiye na hila. Dharau na unyofu vilikaa katika moyo mmoja, na Bwana akauona unyofu kwanza. Lile neno kuhusu Nazareti hakulitetea, wala hakumfukuza aliyelisema.

Juma hili huenda mtu unayempenda akaleta mezani kichekesho cha kabila fulani. Huna haja ya kumwaibisha. Muulize tu, kwa upole, kama anamfahamu hata mmoja wao, na kama yuko tayari mumkaribishe Jumapili mle naye.