Picha Tisa Ambazo Mama Alizifuta

Simu ya mama ilikuwa inakwama. Akifungua picha, anaiweka simu mezani na kurudi kwenye mchele wake mpaka itakapoamua. Nilipokwenda Tanga likizo niliitoa memori kadi yake ya GB 8, nikaichomeka kwenye laptopu, nikanakili folda ya picha, nikaifomati, nikazirudisha picha. Simu ikawa nyepesi. Mama akaniombea dua.

Kesho yake akauliza, "Mwanangu, ile sauti ya baba yako umeiweka wapi?"

Sauti hazikai kwenye folda ya picha. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Bahati nzuri, kufomati kwa haraka hakufuti vitu vyenyewe. Kunaandika upya orodha tu, ile inayoonyesha faili lipi liko wapi. Mafaili yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na picha nilizorudisha zilikuwa chache. Nikamwambia asiiguse simu. Nikaendesha PhotoRec, programu ya bure isiyojali orodha; inapita kadi nzima ikitafuta alama zinazoanzisha kila aina ya faili. Inavyovirudisha havina majina, namba tupu, kwa hiyo nilifungua kimoja kimoja. Sauti ya baba niliipata saa nane usiku. Sekunde 41, anamwelekeza mama kwa fundi bomba.

Pamoja nayo zikaja picha tisa ambazo sikuwahi kuziona. Baba kitandani, wiki zake za mwisho, mashavu yameingia ndani. Hazikuwemo kwenye folda niliyoinakili kabla ya kufomati. Maana yake mama alizifuta mwenyewe, kwa kidole chake, na programu haikujua tofauti kati ya kosa langu na uamuzi wake.

Ningekuwa fundi wa simu na hizi ni za mteja, nisingejiuliza mara mbili. Zinafutwa. Aliyemuuguza na kumgeuza usiku ndiye aliyeamua asizione tena, na sikuwepo kumsaidia. Nilikuwa Mwanza, nilifika siku ya mazishi. Lakini ndiyo hiyo hiyo sababu ya kuzitaka. Baba niliyenaye kichwani ni yule mnene wa stendi, anayegombana na utingo juu ya begi langu. Ugonjwa wake sina. Je, mjane anaweza kufuta na cha mtoto? Na mtoto anaweza kufufua alichozika mjane, eti kwa sababu alichelewa basi?

Halafu yuko baba mwenyewe. Katika picha mbili kati ya zile amejiziba uso kwa kiganja. Nilikuwa nikihesabu wenye haki wawili tu.

Asubuhi mama aliisikiliza sauti mara mbili, amesimama, upawa mkononi. Kisha akauliza bila kunitazama, "Kulikuwa na kingine?"

"Hakuna, mama."

"Haya."

Folda ipo kwenye laptopu yangu. Na kwenye kadi yake pia bado zimo, bila jina wala orodha, anatembea nazo sokoni ndani ya kanga, mpaka picha mpya za wajukuu zitakapoandikwa juu yake.