Neno Lililoliwa na Mchwa

Liko swali moja linalotusumbua sisi tunaotengeneza vitabu vikuukuu hapa Kingerikiti, nasi twapenda kuliweka mbele yenu, wasomaji wetu. Mchwa wakila ukurasa wa daftari la ubatizo, jina la mtu likapotea, na sisi wazee twajua lilikuwa la nani, je, tuliandike tena mahali pake?

Kazi yenyewe yaelezeka upesi. Uzi uliooza hukatwa, kurasa hupanguswa kwa brashi laini, na palipochanika hubandikwa karatasi nyembamba kwa uji wa unga wa ngano. Kisha kurasa hushonwa upya kwa uzi uliopakwa nta, ndipo kitabu kivishwe jalada la kitambaa. Vijana hutuuliza mbona tusitumie selotepu ya dukani. Selotepu hushika mara moja, ni kweli, lakini miaka ikipita hugeuka kahawia, na gundi yake huzama katika karatasi. Uji wa ngano ukiloweshwa kidogo huachia. Mto Arno ulipofurika mjini Florence, Italia, Novemba 1966, vitabu vingi mno vya maktaba ya taifa vilizama katika maji na tope, na mafundi waliotoka nchi mbalimbali kuviokoa walisaidia sana kueneza kanuni hii: usifanye jambo ambalo fundi wa kesho hawezi kulitengua.

Basi wino hautenguliki. Hata hivyo hoja ya wanaotaka tuandike si ya hila. Misheni ya UMCA ilianza kuufikia mwambao wetu kutoka Likoma katika miaka ya 1880, na kwa wazee wengi daftari la kanisa ndilo karatasi pekee inayotaja kuzaliwa kwao. Fikirini bibi aliyezaliwa miaka ya 1940, anayetakiwa kuonyesha umri wake ofisini. Jirani zake wote wanamjua. Tundu la mchwa lamfanya aonekane kana kwamba hakubatizwa kamwe. Huruma yasema: andika, nani atadhurika?

Sisi twaona atakayedhurika ni bibi yule yule, na wenzake wote wa ukurasa ule. Daftari huaminiwa kwa kuwa padre aliliandika wakati ule, wazazi na wadhamini wakiwapo. Siku itakapojulikana kwamba fundi ameongeza jina moja, hata majina ambayo mchwa hawakuyagusa yatatiliwa shaka. Tena leo tutaandika kwa huruma. Kesho atakuja mwenye ugomvi wa shamba la kahawa, naye atakuwa na mashahidi wake, wengine pengine wa kweli.

Kwa hiyo twaliziba tundu kwa karatasi tupu, nayo twaiacha tupu. Wazee wawili wanaokumbuka huandika ushahidi wao mbele ya padre katika karatasi ya peke yake, wakatia sahihi na tarehe ya leo, nasi twaishona mwishoni mwa daftari. Asomaye ataona lipi liliandikwa zamani na lipi limeandikwa sasa.

Wako wanaotuambia huu ni ugumu wa moyo, na hatuwalaumu. Karatasi yenye tarehe ya leo si kila karani ataipokea, na safari ya kwenda Mbinga na kurudi ina nauli yake. Bibi akirudishwa, twaandamana naye mara ya pili, na daftari lenyewe tumelifunga katika kanga lisilowe.