Pasi na meli

Ukipanda treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kisha boti ya Unguja, kitambulisho cha NIDA kinakutosha. Pasi iache nyumbani. Nafasi yake wabebee wenyeji wako zabibu.

Lakini shika reli ya kati uelekee Kigoma, mambo yanabadilika. Kutoka bandari ya huko, meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, kwa miaka mingi ilishuka Ziwa Tanganyika hadi Mpulungu. Abiria wa kushuka Kasanga, upande wa Tanzania, hakuhitaji pasi. Akipitiwa na usingizi, kituo kilichofuata kilikuwa Mpulungu, Zambia, na afisa wa Uhamiaji hasikilizi habari za usingizi. Kwa meli inayovuka mpaka, pasi itangulie tiketi.