Seli zilizogandishwa ni amana



Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, maarufu kama sikoseli. Nikiwa mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, huulizwa: seli za mwanadamu zikitolewa, zikagandishwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya tiba, je, huko si kuingilia kazi ya Allah (s.w.)?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Seli mama, zile zinazozaa damu, hupatikana katika uloto, katika damu, na katika damu ya kitovu cha mtoto anapozaliwa. Huchanganywa na dawa ya kuzikinga zisipasuliwe na barafu, kisha huhifadhiwa kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Zikiyeyushwa hata baada ya miaka, hufanya kazi. Hapo hakuna aliyeumba kitu. Mkulima anayetunza mbegu ya mtama ghalani hajaumba mtama.

Pili, wanazuoni hawakulala. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao cha Makka mwaka 2003, liliruhusu seli mama za mtu mzima kwa ridhaa yake, za mtoto kwa ridhaa ya walii wake bila kumdhuru, na za kondo na kitovu. Likakataza zinazotokana na mimba iliyotolewa makusudi bila sababu ya kitabibu inayokubalika kisharia.

Lakini tusichanganye mambo. Uloto haubebi nasaba; mbegu ya uzazi inaibeba. Mume akigandisha mbegu zake kisha akafariki, wanazuoni wengi wanasema mkewe haruhusiwi kuzitumia, kwani ndoa imekatwa na mauti. Hivyo anayeweka aandike: ni za nani, na ziharibiwe lini. Ikiwa Qur'an imetuamrisha kuandika deni, sembuse nasaba?

Ewe mzazi unayekesha na mwanao akilia kwa maumivu ya mifupa, usitishwe na "haramu" isiyo na dalili. Wapeleke ndugu zake wa baba na mama mmoja wakapimwe; kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Suratul Maida, aya ya 32, imetufundisha uzito wa kuokoa nafsi moja.

Wallahu a'lam.