Kisu Mfukoni mwa Askari

Huko Marekani ni desturi ya askari polisi wengi kubeba, pamoja na bastola na pingu walizopewa na serikali, kisu cha kukunja walichojinunulia wenyewe kwa mshahara wao. Mara nyingi kisu hicho hakimo katika orodha ya ghala la silaha. Hakitiwi sahihi kinapochukuliwa asubuhi, wala hakirudishwi jioni. Hukaa mfukoni, na kibanio chake kidogo cha chuma huonekana juu ya ukingo wa suruali. Ukimwuliza mwenyewe ni cha nini, atakujibu kwamba ni chombo cha kazi: cha kukatia mkanda wa kiti mtu anapokwama ndani ya gari lililopinduka, au kamba ya mtu aliyejitundika. Ukizidi kumwuliza, naye akakuamini, ataongeza la pili: ni cha siku ile atakapoangushwa chini na mtu mwenye nguvu kuliko yeye, na mkono wa mtu huyo umekwisha kuishika bastola yake.

Hofu hiyo si ya kubuni. Wako askari wa nchi ile waliouawa kwa bastola zao wenyewe, zilizonyakuliwa viunoni mwao. Ndiyo sababu baadhi ya waalimu wao hufundisha kwamba kisu kikae upande wa mkono usiotumia bastola, ili mkono mmoja uikandamize bastola isichomoke, na mkono wa pili ukifungue kisu. Kwetu sisi pia, katika parokia zetu, wamo askari, na wake zao, na wazee wao wanaowaombea kila wanapokwenda zamu. Basi swali latuhusu. Je, Mkristo aliyewekwa kulinda amani ya watu aweza, bila dhambi, kusimama mbele ya meza ya mwuza visu na kuchagua kile ambacho huenda akamkatia mwanadamu mwenziwe?

Kanisa halikuanza leo kulifikiri jambo hili. Mtakatifu Agostino, alipomwandikia Publicola mwishoni mwa karne ya 4, aliona vigumu kukubali kwamba mtu wa kawaida amwue mwingine ili ajiokoe yeye mwenyewe. Lakini askari na mwenye madaraka ya umma aliwatenga, kwa kuwa wao hawajipiganii nafsi zao, bali huwapigania wengine. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alisonga mbele zaidi. Alifundisha ya kuwa tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja likikusudiwa na la pili lisikusudiwe: kuokoka kwa aliyeshambuliwa, na kufa kwa mshambuliaji. Mwenye kujilinda hana hatia maadamu akusudia lile la kwanza, wala hatumii nguvu kupita kiasi kinachohitajiwa. Tena alisema kwamba wokovu haumdai mtu aache kujilinda kwa kiasi, eti ili mwingine asife, maana kila mtu amewajibika kuuangalia uhai wake kuliko uhai wa mwingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yaifuata njia hiyo katika namba 2263 hadi 2265, na kwa mwenye dhamana ya uhai wa watu yasema kwamba kuwalinda kwaweza kuwa si haki tu bali wajibu mzito. Na hakika bastola iliyonyakuliwa haimalizi kazi yake kwa askari mmoja. Yupo askari mwenziwe, yupo mwenye duka, yupo mama apitaye njia na mtoto mgongoni. Kuiachilia si upole wa Kikristo.

Mpaka hapa njia ni nyofu. Lakini mafundisho hayo yatazama hasa saa ya shambulio, nasi tunamtazama mtu aliyesimama dukani, mchana, akiwa ametulia, hakuna anayemshika koo. Mtu aliyevamiwa gizani akaokota jiwe, hakuna atakayemwuliza kwa nini hakuokota lililo dogo zaidi. Mwenye kununua silaha anayo nafasi yote ya kufikiri, na kile kiasi alichokitaja Mtakatifu Toma, sehemu yake kubwa hununuliwa pamoja na silaha yenyewe. Kirungu kina daraja: chaweza kuonyeshwa tu, chaweza kusukumia, chaweza kupiga paja na kuacha uvimbe wa wiki moja. Kisu hakina daraja hizo. Wala polisi wa Marekani hawawezi kusema kwamba hawalijui hilo. Mwaka 1983 askari mmoja wa mji wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu aweza kuvuka futi 21 kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, yaani karibu muda ule ule anaohitaji askari kuchomoa bastola na kufyatua. Na tangu hapo askari wengi wamefundishwa kumhesabu mwenye kisu kuwa hatari ya mauti hata akiwa mbali kidogo. Iwapo kisu mkononi mwa raia ni mauti, basi mkononi mwa askari nacho ni mauti, na asikiite kifaa kidogo tu.

Kwa hiyo namna ya kisu si jambo la kupita tu. Yafaa tukitazame kwa makini, maana chuma husema kilikusudiwa nini. Kisu cha kuokolea watu kina ncha butu, ili askari akikipenyeza kati ya mkanda na kifua cha majeruhi asimchome. Makali yake mara nyingi yana meno, kwa sababu mkanda mgumu hukatika upesi kwa meno. Mpini wake hutiwa rangi kali, ya chungwa au nyekundu, kusudi kikianguka majanini kionekane. Kisu cha kupigania ni kinyume chake: ncha kali nyembamba, na bapa lililotiwa weusi lisimetemete usiku. Nani anayehitaji kisu kisichoonekana? Aliyepinduka na gari lake hataogopa kukiona kiking'aa.

Lakini askari atatujibu, na jibu lake lina uzito, kwamba siku ya kugaragazwa chini hana nafasi ya kuwa na visu viwili. Tunakubali. Kimoja chatosha, na kile chenye ncha butu chatosha. Kusudi la haki katika saa ile ni mkono wa yule mtu uachie bastola, na mkono huachia ukikatwa. Haihitaji ncha ifike moyoni. Huenda hata hivyo damu ikamwagika hadi mtu akafa, na hapo ndipo neno la Mtakatifu Toma juu ya matokeo yasiyokusudiwa lapata maana yake halisi. Ila aliyenunua ncha nyembamba kwa ajili ya kuchoma, kisha akasema hakukusudia kuchoma, itambidi kusema hivyo mbele ya Mungu, si mbele ya hakimu tu.

Juu ya sehemu nyingine hatutakawia. Kifungo cha kulizuia bapa lisijikunje na kumkata mwenyewe vidole kiwe imara. Hilo halina mjadala. Kufunguka kwa mkono mmoja nako si uovu. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ilitoa kisu chenye kibanio, na tundu la duara katika bapa la kufungulia kwa kidole gumba, na mfano huo umeigwa mahali pengi. Mwenye kumshikilia majeruhi kwa mkono mmoja hushukuru kuwa nacho. Hata sheria kali ya Marekani ya mwaka 1958 juu ya visu vinavyofyatuka kwa springi ilimsamehe mtu mwenye mkono mmoja tu, alimradi bapa lisizidi inchi 3. Askari aliyelala chini, mkono wake mmoja ukiwa juu ya bastola, ni mtu wa mkono mmoja pia.

Lililo zito kuliko yote ni lile tulilolitaja mwanzoni kama kwamba ni dogo: kwamba kisu hiki ni chake mwenyewe. Tumesikia Mtakatifu Agostino akimtenga mwenye madaraka na mtu wa kawaida. Mtakatifu Toma naye alimruhusu mtumishi wa hakimu, apambanapo na wanyang'anyi, kutenda asiloweza kutenda mtu wa kawaida, kwa sababu hutenda kwa ajili ya manufaa ya wote. Lakini akaongeza upesi kwamba hata yeye hutenda dhambi akisukumwa na tamaa au chuki yake binafsi. Sasa, askari achomoapo kutoka mfukoni silaha ambayo serikali haikumpa, haikuipima, wala haina habari nayo, hutenda kwa madaraka ya nani? Ana haki ya kujilinda iliyo ya kila mwanadamu, ndiyo. Kuvaa sare hakumwondolei haki hiyo. Lakini ile haki nyingine, iliyo pana zaidi, aliipokea pamoja na wajibu wa kutoa hesabu, na kisu kisichoandikwa popote hakina wa kukitolea hesabu. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zataka serikali zitaje aina za silaha na risasi zinazoruhusiwa, na kuhakikisha kwamba askari hutoa hesabu ya silaha alizopewa. Hatuoni sababu ya kukiacha kisu nje ya busara hiyo kwa kuwa tu hakitoi mlio.

Tena silaha isiyojulikana ina kishawishi chake. Mwaka 2018, katika kesi iliyosikilizwa na mahakama ya shirikisho mjini Baltimore, askari wa zamani wa kikosi cha kutafuta bunduki haramu alishuhudia kwamba yeye na wenziwe walikuwa wakibeba bunduki za bandia, tayari kumwekea mtu asiye na silaha iwapo wangempiga risasi. Kisu ni chepesi kuliko bunduki ya bandia. Hatusemi askari wenye visu wana nia hiyo. Twasema kitu kisicho na namba chaweza kukutwa kando ya maiti, wala asipatikane wa kusema kilitoka mfuko gani.

Na katika mji huo huo wa Baltimore lilitokea jambo jingine. Tarehe 12 Aprili 2015, kijana mwenye miaka 25, Freddie Gray, alikimbia alipowaona polisi. Walimkamata, wakamkuta na kisu cha kukunja kimebanwa ndani ya mfuko wa suruali. Kosa lililoandikwa juu yake lilikuwa kisu hicho. Alitiwa katika gari la polisi akiwa amefungwa mikono na miguu, bila kufungwa mkanda wa kiti. Mle akaumia uti wa mgongo shingoni, na tarehe 19 Aprili akafa. Mwendesha mashtaka wa mji alisema kisu kile kilikuwa halali kwa sheria ya jimbo la Maryland. Polisi walisema kilikuwa haramu kwa sheria ya mji. Askari 6 walishtakiwa, wala hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Kule New York nako, mpaka sheria ilipofutwa mwaka 2019, watu wengi, na wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikamatwa kwa kuwa na visu vya kukunja vinavyouzwa waziwazi kwa mafundi, kwa sababu askari aliweza kukifungua kwa kukikung'uta kwa nguvu ya kifundo cha mkono.

Mtu mwenye haki hawezi kusoma habari hizo bila kuona mizani miwili. Kibanio kile kile, juu ya mfuko wa namna ile ile, kwa mmoja ni chombo cha kazi, na kwa mwingine ni sababu ya kufukuzwa na kufungwa minyororo. Askari Mkristo anayechagua kisu chake avikumbuke visu hivyo. Akiona kwamba chake ni halali kwa sababu ya kazi yake, na amwulize fundi wa umeme na mpakiaji wa mizigo habari za kazi zao kabla hajawatia pingu. Nao wakuu wa polisi, ikiwa wanaona kweli kwamba askari ahitaji kisu, wakinunue wao, wakitie namba, waseme kiwe cha namna gani na kitumike lini, na kila kitumikapo iandikwe taarifa. Wakiona hakihitajiki, wakikataze wazi. Kunyamaza, na kumwachia kila mmoja achague kwa kiasi cha hofu yake au majivuno yake, ni kumtwika mtumishi mzigo wa bwana wake.

Limebaki la mafunzo. Kisu kisichofanyiwa mazoezi humdhuru mwenyewe. Kwa hiyo wafundishwao kukitumia hurudia pigo lile lile mara nyingi mpaka mkono uende bila kuulizwa. Hapo roho ina haki ya kuogopa kidogo, maana mazoea hutangulia akili. Kwa sababu hiyo twaona si vema mtu afunzwe kukata pasipo kufunzwa, katika saa ile ile na kwa marudio yale yale, kufunga alichokata. Petro bustanini alikata sikio la Malko, na Mwinjili Luka asimulia kwamba Bwana wetu aliligusa akaliponya, ijapokuwa aliyeumizwa alikuja pamoja na waliotaka kumkamata. Kanuni za Havana zataka vivyo hivyo, kwamba aliyejeruhiwa na polisi apatiwe msaada upesi iwezekanavyo. Chombo chenyewe kipo: ni mkanda wa kubana mkono au mguu ili damu ikome, nao waweza kufungwa kwa mkono mmoja. Vikosi vingi vya Marekani vimekwisha kuwagawia askari wao mikanda hiyo kwa gharama ya serikali, ilhali kisu, mara nyingi, wanaachiwa wajinunulie wenyewe.