Posho Iliyoliwa Njiani

Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pale Mafinga au Itende anaijua foleni ya ugali na maharage. Nyuma ya foleni hiyo yupo mtu wa ghala, na kila alfajiri anaulizwa jambo moja: leo tunalisha wangapi? Akikosea jibu, kwata lote la siku hiyo ni bure. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza lilikosea jibu hilo katika nyanda hizi hizi za Mbeya na Iringa, na gharama yake ilikuwa maisha ya watu.

Mwezi Mei mwaka huo Jenerali Northey wa jeshi hilo alivuka mpaka na kuingia koloni la Wajerumani akitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mji wa Mbeya haukuwapo bado. Boma la Wajerumani la upande ule lilikuwa Tukuyu, wakiliita Neu Langenburg, nalo likaanguka kabla mwezi haujaisha. Mwishoni mwa Agosti Northey alikuwa Iringa. Kwenye ramani ilikuwa safari ya ushindi. Ila nyuma yake hapakuwa na reli. Palikuwa na njia ndefu za miguu, na kila gunia la unga lilipanda milima likiwa kichwani mwa mtu.

Hapo ndipo mipango si matumizi. Tuchukue njia ya upande wa pili, kutoka reli ya kati Dodoma hadi Iringa, ambayo kwa barabara ya leo ni kama kilomita 260. Tuseme mpagazi anabeba kilo 27 na kutembea kilomita 20 kwa siku. Atafika siku ya 13, na kurudi kutamchukua siku 13 nyingine. Naye anahitaji kama kilo moja ya unga kila siku, maana hali upepo. Basi akijilisha kwa mzigo alioubeba, amekula kilo 26. Askari aliyeko Iringa amepelekewa kilo moja. Malori yalikuwapo, na maghala ya njiani pia, lakini mvua ikinyesha lori hugeuka kuwa jiwe, na ghala la njiani nalo linajazwa na wapagazi wale wale.

Sasa mweke farasi juu ya hesabu hiyo. Makaburu wa Jenerali van Deventer, waliopigana upande wa Waingereza, walitoka Afrika Kusini wakiwa wamezoea kupigana juu ya farasi. Farasi wa kazi anataka nafaka kilo tano hivi kwa siku, mbali na majani. Mzigo mzima wa mpagazi mmoja unamtosha siku tano tu! Isitoshe, pori la kwenda mto Ruaha lilikuwa la mbung'o, na mvua zilileta ugonjwa mwingine unaoua farasi. Aliyelishwa vizuri alikufa, na aliyelishwa vibaya alikufa mapema zaidi. Wakati huo njia za jeshi hilo zilinuka mizoga ya farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Onyo halikukosekana, kwani van Deventer alikuwa ameshapoteza mamia ya farasi alipokwenda Kondoa Irangi mapema mwaka huo huo. Waliletwa wengine. Hilo kwangu ndilo kosa lisilo na udhuru.

Krismasi ya 1916 van Deventer akashambulia mashariki ya Iringa. Wajerumani wakateleza kuelekea Mahenge, kisha mvua kubwa zikaanza. Ruaha ikafurika, barabara ya Dodoma ikawa tope, posho ikapunguzwa. Hatimaye sehemu kubwa ya kikosi ikarudishwa Dodoma, kwa sababu Iringa haikuweza kulishwa. Jeshi lililoshinda likarudi nyuma kwa njaa.

Na hata unga ulipofika, haukuwa chakula bado. Fikiria mpagazi anayetua mzigo magharibi, mvua inanyesha, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa kundi zima. Anakoroga unga wa mahindi uliosagwa ovyo, haungoji uive, anaumeza ungali mbichi na kulala. Kesho tumbo linamkata, keshokutwa anahara damu. Wengine hawakuwa walaji wa mahindi kabisa: watu wa Uganda walizoea ndizi, watu wa pwani wali. Madaktari wa jeshi waliliona jambo hilo na kulilalamikia. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi, si risasi.

Wajerumani nao hawakuwa bora. Kikosi cha kamanda wao Wahle kilichotoka Tabora, na baadaye cha Wintgens kilichopita nyanda za Mbeya mwanzoni mwa 1917, kiliishi kwa kuchukua vihenge vya wanakijiji. Jeshi moja likiondoka na mahindi, jingine lilikuja kuchukua vijana wa kubeba, na jembe likabaki limeegemezwa ukutani. Huko Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na watu, njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa iliua watu 30,000.

Ukienda Nairobi, katika sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo utamkuta mpagazi amesimama pamoja na askari. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina askari peke yake na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwa maandishi tu, chini, kwenye msingi wake.